Viwiko Viwili

Hapa Amalemba mvua haibishi hodi.
Saa tisa ikifika, imefika,
na sare za shule zilizoanikwa tangu alfajiri
hurudi ndani nzito kuliko zilivyotoka.
Ndiyo maana tulinunua mashine ya kukaushia,
mtumba, kwa dobi aliyefunga duka Lurambi,
na kwa miaka sita imekuwa ikipumua nje
kupitia tundu la ukuta wa nyuma,
pumzi ya sabuni na joto
ikiyumbisha majani ya mgomba.

Sasa hapo penye tundu panatakiwa mlango.

Mamake Khasiala anakuja kukaa.
Nyonga imevunjika, kule Shinyalu hakuna wa kumwinua,
na mimi ni mkwe wake:
miaka kumi na saba hatujashikana mikono,
tukikutana njiani mmoja wetu
hukumbuka ghafla kitu alichosahau nyumbani.
Asilale chini ya paa langu, ndivyo mila isemavyo.
Shangazi zangu wakakaa kikao, birika tatu za chai,
wakapata upenyo:
chumba kiwe na mlango wake, kizingiti chake,
njia yake ya kuingilia.
Paa, wakasema, tutalifumbia macho.

Jumanne fundi Ingutia akashika tindo.
Alipolivuta bomba la zamani,
lile la plastiki, limejikunja kama utumbo wa kuku,
ikamwagika pamba ya kijivu, debe zima,
laini kama kitu kilichowahi kuwa hai.
Tukainama kuichambua.
Wekundu wa sweta ya Muhonja.
Bluu ya ovaroli yangu, kabla kiwanda hakijatufungia lango.
Na uzi mmoja wa njano
ambao Khasiala aliutambua, akautia mfukoni,
nami sikuuliza.

“Mmekuwa mkilala na kiberiti tumboni,” Ingutia alisema.

Alitaka kulipandisha bomba darini aliache huko.
“Joto litapotelea kwenye mabati. Nani ataona?”
Mbao zitaona, nikamwambia. Misumari itaona.
Mvuke ukifungiwa huko juu hulia usiku kucha,
asubuhi dari ina madoa.
Hapana. Litoke nje.

Tukapima. Bomba jipya la bati gumu, laini ndani.
Kila kona huiba pumzi, basi kona ziwe chache:
moja ya kupanda, moja ya kugeuka.
“Viwiko viwili,” akasema. “Cha tatu ni kujitafutia kesi.”
Njia fupi ilipita juu ya choo.
Ya pili, iliyozidi kwa futi nne,
iliambaa ukuta wa chumba kipya,
usawa wa kitanda.
“Hii itakula bati bure.”
Hiyo hiyo, nikasema.
Akanitazama. Akaandika hesabu kiganjani.

Ijumaa akaja,
wajukuu wamembeba kwenye kiti cha plastiki,
akaingia kwa mlango wake.
Mimi nilikuwa nyuma ya tangi la maji
nikitafuta spana ambayo haikupotea.

Usiku mvua ikarudia ilichosema mchana.
Nikajaza taulo, nikabonyeza.
Mashine ikanguruma, na kule nje
kifuniko cha bomba kikafunuka, kikagonga bati,
tak, tak, kama mtu mwenye adabu.
Kisha sauti yake, ng'ambo ya tofali,
kwa Kiisukha cha taratibu:
“Khasiala, huu ukuta una homa?”

Khasiala akacheka. Hakumweleza.
Nikasikia mkwaruzo,
kiganja kikipapasa lipu, kikitafuta mahali,
kikapapata, kikatulia.

Nilikuwa nimeketi sakafuni upande wangu.
Mita ya stima imebakisha yuniti tisa.
Mashine ilipolia kwamba imemaliza
nikatoa taulo moja, kavu kama ganda la mahindi,
nikaikunja, nikaikunjua,
nikairudisha ndani,
nikazungusha kitufe tena.